Fundi Alipwe kwa Sikio Lake

Kuna desturi moja miongoni mwetu sisi wenye magari ambayo sharti isemwe wazi. Gari likianza kutoa mlio mwembamba barabarani, mlio ule unaofanana na wa mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, dereva hunyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Mlio ukizidi hata redio ikashindwa kuumeza, gari hupelekwa gereji. Huko dereva hutamka maneno mawili tu, "Gari linalia," kisha hukabidhiwa orodha ya spea za kununua. Hununua. Mlio ukibaki pale pale, huandikiwa orodha ya pili. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini dereva huyu wa gereji hakuficha maradhi yake, aliyapeleka kwa tabibu, na bado anaumbuka. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba tumezoea kulipia chuma wala hatulipii uchunguzi. Fundi akitumia saa nzima akisikiliza na kupapasa, hatimaye akagundua kwamba mafuta ya usukani yamepungua kikombe kimoja, tunaona ni dhuluma kumlipa. "Si umeongeza oili tu?" Lakini akiing'oa pampu nzima kwa dakika chache na kuweka nyingine, tunamlipa bila kunung'unika, maadamu tumeishika ile kuukuu mkononi tukaona kwamba kweli kitu kimetoka na kingine kimeingia. Kwa mtindo huo sisi wenyewe tumemfunza fundi kwamba kufikiri hakuna malipo. Nasi walimu tumemfunza mapema zaidi, darasani, kwamba mwenye jibu la haraka ndiye bora kuliko mwenye swali zuri.

Nianze na jambo dogo la lugha, maana huko ndiko upotovu unakoanzia. Wanafunzi wetu hukariri milio: radi hunguruma, upepo huvuma, kitu kizito kikianguka husikika mshindo. Waliikariri miaka nenda miaka rudi kwa ajili ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Lakini mweke mwanafunzi huyo huyo ndani ya basi la shule, umwulize basi linatoa mlio gani, naye atakujibu, "Lina kelele." Kelele! Gari laweza kugonga, kukwaruza, kusaga, kuvuma, au kulia kwa sauti nyembamba isiyokatika, na kila kitenzi katika hivyo kinaelekeza mkono mahali tofauti. Kinachogonga ni kitu kilicholegea. Kinachokwaruza ni chuma kilichokutana na chuma kingine, kama breki zilizokwisha. Ama mlio mwembamba usiokatika, ambao ndio ninaouzungumzia hapa, karibu kila mara hutoka kwenye kitu kinachozunguka kwa kasi: meno ya gia, gololi za beringi, pampu, au roda inayopitiwa na mkanda. (Naacha kando upepo unaopenya kwenye mpira wa mlango uliochakaa, huo nao hupiga mluzi, na nimewahi kuona watu wakiushuku kuwa injini.)

Basi ikiwa kinacholia ni kitu kinachozunguka, swali la kwanza linajileta lenyewe: kinazungushwa na nini? Katika gari kuna mizunguko miwili. Upo mzunguko wa injini, na upo mzunguko wa magurudumu. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia niutro, kisha kanyaga mafuta polepole na kuyaachilia. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini ilhali gari halijasogea hata hatua moja, chanzo kiko upande wa injini na vitu vinavyozungushwa nayo. Gari likiwa kimya pale liliposimama lakini likaanza kulia tena linapokwenda, injini na mikanda yake zimekaribia kuachiliwa huru, nawe elekeza macho kwenye giaboksi, difu, beringi za magurudumu na matairi. Jaribio hili halihitaji spana wala pesa. Huchukua dakika moja, na limelikata gari vipande viwili, kimoja cha kutupwa na kimoja cha kuchunguzwa.

Mwalimu mwenzangu aliwahi kuuziwa na gereji moja mjini pampu ya usukani na, wiki moja baadaye, alteneta. Gharama zilimmeza zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi, na gari likaendelea kulia kama lilivyolia. Alipompelekea mzee mmoja wa jua kali, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe na sanduku moja la vifaa, mzee yule hakufungua boneti. Aliuliza, "Mwalimu, likiwa limesimama hulia?" Likajibiwa kwamba halilii. "Basi tuondoke kwanza." Walikwenda barabarani, mzee amekaa nyuma, dirisha limefungwa, redio imezimwa. Walipofika mahali peupe pasipokuwa na magari, akaomba gari liyumbishwe polepole kulia na kushoto. Lilipoelekezwa kushoto mlio uliongezeka; lilipoelekezwa kulia ukafifia. Mzee akasema, "Ni beringi ya mbele, mkono wa kulia." Na ndivyo ilivyokuwa. Zile spea mbili za kwanza hazikuwa na hatia yoyote. Zilikuwa upande wa injini, na swali moja tu lingeziokoa.

Msomaji ambaye ni mwanafunzi ataniuliza: kuelekea kushoto kunahusianaje na beringi ya kulia? Kunahusiana kwa njia ile ile ambayo abiria wa matatu anajua kwa mabega yake. Gari likikata kona kushoto, uzito huegemea upande wa kulia. Beringi ya kulia hubeba mzigo zaidi, na ikiwa njia zinamopita gololi zimeliwa, mzigo huo huifanya ipige kelele zaidi. Hapa hapana uganga. Ni somo la mwendo wa duara, ambalo mimi na wenzangu wa fizikia hulifundisha kwa kuzungusha jiwe lililofungwa uzi, kisha tunashangaa kwa nini wanafunzi huliona kama jambo lisilowahusu.

Upande wa injini haunichelewishi sana, kwa sababu vitu vyenyewe ni vichache na hukaa mahali pamoja. Pampu ya usukani, katika magari ambayo usukani wake bado husaidiwa kwa mafuta, hulia zaidi unapouzungusha usukani hadi mwisho, kwa mfano wakati wa kuegesha. Aghalabu mafuta yamepungua na pampu inavuta hewa. Ukifungua kifuniko utaona povu. Ongeza mafuta ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari, tafuta panapovuja, kisha zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili mara kadhaa ili hewa itoke, bila kuushikilia kwenye mwisho. Ikiwa usukani hauna neno, zima injini, ngoja ipoe, vua mkanda, uzizungushe kwa mkono roda zote zilizokuwa zikipitiwa nao: ya alteneta, ya pampu ya maji, na ile roda ya kukazia mkanda ambayo watu huisahau. Iliyo nzima huzunguka kimya na laini. Iliyokufa utaihisi vidoleni kama imetiwa mchanga. Nasisitiza injini iwe imezimwa, kwani mkanda unaozunguka haujui tofauti kati ya roda na kidole, wala kati ya roda na tai ya mwalimu. Na ikiwa ni beringi ya alteneta, mafundi wetu wa jua kali huibadilisha beringi peke yake. Si lazima ununue alteneta nzima.

Kuna hata mlio unaotoka kwenye spika za redio, ukipanda na kushuka kwa mwendo wa injini. Huo ni umeme wa alteneta uliopenya kwenye nyaya. Zima redio, ukitoweka, mtafute fundi wa umeme, si wa gia.

Utajiri wa jambo hili uko upande wa magurudumu, na hapa ningemwomba mwalimu wa hesabu akae karibu. Chukua gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama zile Peugeot 504 zilizobeba abiria wa safari ndefu nchini kwa miaka mingi. Kati ya magurudumu ya nyuma kuna difu, na ndani yake gia ndogo, piniyoni, inaizungusha gia kubwa iitwayo krauni. Tuseme piniyoni ina meno 9 na krauni ina meno 41. Tuseme pia tairi, likizunguka mara moja, linapiga hatua ya mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo magurudumu huzunguka kama mara 11 kwa sekunde, na meno ya krauni hukutana na ya piniyoni takriban mara 455 kwa sekunde. Wanamuziki hutia sauti vyombo vyao kwa noti ya mitetemo 440. Yaani difu iliyochakaa, kwa mwendo huo, huimba karibu noti ile ile. Punguza mwendo hadi kilomita 40, na mlio utashuka hadi nusu, mitetemo 228 hivi. Siku hizi kuna programu za simu zinazopima mitetemo ya sauti. Mwanafunzi aliyeketi kando ya dereva aweza kuipima, kugawanya, na kusema ni gia yenye meno mangapi inayolia. Nasema aliyeketi kando. Dereva mwenyewe ashike usukani.

Kutokana na hesabu hiyo linazaliwa jaribio jingine. Endesha kwa kilomita 60 kwa gia ya tatu, kisha ingiza ya nne ukiushikilia mwendo ule ule. Injini itapunguza mizunguko, bali magurudumu hayatapunguza. Wembamba wa mlio ukibaki ulivyokuwa, chanzo kiko baada ya giaboksi, yaani kwenye difu, magurudumu au matairi. Ukishuka pamoja na injini, rudi mbele. Na mlio ukisikika katika gia moja tu na kutoweka katika nyingine, hiyo gia imejishtaki yenyewe. Isipokuwa gia ya kurudi nyuma. Katika giaboksi nyingi za klachi, gia hiyo hukatwa meno yaliyonyooka, ilhali gia za kwenda mbele meno yake yamelazwa. Meno yaliyolazwa hupokezana mzigo taratibu. Yaliyonyooka hukutana kwa upana wake wote kwa mpigo mmoja, na hiyo ndiyo sababu gari hulia linaporudi nyuma hata likiwa jipya. Huo si ugonjwa, na anayekutoza pesa kuutibu anakuibia.

Klachi nayo ina ushahidi wake. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia haijaingizwa, kanyaga klachi. Mlio ukikatika, shuku beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi. Ukianza pale tu unapokanyaga, shuku beringi ya klachi yenyewe.

Ama kuitenganisha difu na matairi, mlima unatosha. Difu iliyochakaa hubadili sauti kwa kadiri ya mzigo: hulia unapokanyaga mafuta kupanda, ukiyaachilia ikanyamaza, au kinyume chake, ikalia unapoteremka kwa gia. Tairi halijali mafuta yako, hujali lami. Ukitoka kwenye lami ya kokoto kali na kuingia kwenye lami laini, mvumo wa tairi hubadilika papo hapo, na matairi ya mbele ukiyahamishia nyuma, mvumo nao huhama. Dereva anayepita kila wiki miteremko ya kati ya Limuru na Naivasha ana maabara nzima chini ya miguu yake. Ninachomwomba ni kuzima redio kwa kilomita tano.

Difu inayolia hukaguliwa kwanza mafuta kupitia kizibo cha ubavuni, gari likiwa tambarare. Yakiwa yamepungua, ongeza yale hasa ya difu, yaliyotengenezwa kuhimili shinikizo kubwa la meno. Oili ya injini haiwezi kazi hiyo. Yakitoka yakiwa yamejaa unga wa chuma unaometameta, muda umepita. Krauni na piniyoni hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa zimesagwa pamoja kiwandani kama mapacha, na huhitaji kupimwa nafasi kati ya jino na jino kwa uangalifu ambao si kila gereji inao. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri mteja anunue difu kamili ya mtumba kutoka Japani, nami siwapingi. Ninaowapinga ni wale wanaotumia hila kongwe ya wauzaji laghai: kutia vumbi la mbao ndani ya difu au giaboksi ili mlio unyamaze mpaka mnunuzi apite kona. Vumbi lile hunyamazisha kweli kweli. Kisha huziba njia za mafuta na kumaliza kilichosalia.

Wapo watakaoniambia kwamba nazungumza habari za kale, kwamba magari ya leo yana kompyuta, na fundi wa kisasa huchomeka mashine yake ikamsomea kasoro. Mashine hiyo ni kitu kizuri na sina ugomvi nayo. Lakini husoma vihisio vilivyowekwa, na kwa kawaida hakuna kihisio kilichowekwa kusikiliza mvumo wa beringi au meno ya difu. Gari litalia, mashine itaandika kwamba hakuna kasoro, na mteja ataambiwa gari lake li zima. Hapo tumeingia hatari kubwa kuliko ile ya kupoteza pesa. Beringi ya gurudumu ikiachwa, hupata joto, grisi ikaungua, gurudumu likaanza kucheza, na mwisho wake gurudumu hukwama au hung'oka. Difu iliyokauka mafuta yaweza kushikana ghafla na kuyafunga magurudumu ya nyuma gari likiwa mbioni. Tafakari basi la shule lenye watoto sitini.

Nilipomwuliza fundi mmoja kwa nini hatozi ada ya uchunguzi, alicheka. "Mwalimu, nikimwambia mteja nimesikiliza gari lake nusu saa, ataniuliza kama nilikuwa nikisikiliza mpira." Alisema kweli. Mteja huyo ni mimi na wewe. Tabibu hututoza pesa za kumwona hata asipotupa dawa, nasi tunalipa. Wakili hutoza ushauri. Fundi peke yake ndiye tunayemtaka atufikirie bure, kisha afidie muda wake kwa faida ya spea. Akituuzia tusichohitaji, tunamwita mwizi, ilhali mlango wa wizi huo tuliufungua wenyewe kwa ubahili. Napendekeza kila anayepeleka gari gereji aanze kwa kukubaliana bei ya uchunguzi, iwe spea itanunuliwa au haitanunuliwa, na fundi naye aeleze amefikiaje hukumu yake. Asiyeweza kueleza asiguse spana.

Shule nazo zina deni. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliahidi masomo ya ufundi, lakini karakana ni ghali na shule zilizoweza kuzitia vifaa hazikuwa nyingi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017, unadai mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Vyema. Kuchunguza mlio wa gari hakuhitaji karakana. Kunahitaji gari moja bovu na swali moja baada ya jingine, na mabasi mabovu hatujawahi kuyakosa. Katika mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ningependa alama nyingi ziende kwa mtahiniwa aliyewekewa gari lenye kasoro iliyofichwa, akaandika alichosikia, alichokishuku, na jinsi alivyokiondolea shaka, hata kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Kwa wakati huu, shule yoyote yenye basi yaweza kuanza na daftari la kawaida lililofungwa kamba karibu na kiti cha dereva. Mlio ukisikika, mwalimu anayeandamana na wanafunzi aandike mwendo, gia iliyoingizwa, kama basi lilikuwa likipanda au kuteremka, kama lilikuwa likikata kona na upande gani, na kama mlio uliendelea basi liliposimama. Ukurasa huo upelekwe gereji pamoja na basi.